Sesilia na Ngozi Isiyotulia

Sesilia binti Beda, mke wa Ditram wa pale Kilosa nyuma ya reli, amelala sasa kwenye makaburi ya misheni, na Bwana aliyemtoa ndiye aliyemtwaa. Watu waliomzika wanamkumbuka kwa mengi: maharage yake ya nazi, ubishi wake akiwa na hakika na jambo, na namna alivyokuwa akicheka kwa mabega kabla sauti haijatoka. Lakini waliokutana naye mara moja tu, njiani au sokoni, walikumbuka kitu kimoja, nacho ni ngozi yake. Habari hii ni ya ngozi hiyo, na ya mwaka ule alipotaka jambo moja tu hapa duniani: kumkanda binti yake na kumwogesha mjukuu wake wa kwanza kwa mikono yake mwenyewe.

Baba yake, mzee Beda, alikuja Kimamba kukata mkonge akitokea kusini, akasema atakaa msimu mmoja, hakurudi tena. Sesilia alizaliwa kwenye kambi ya mashamba ya mkonge, akasoma kwa masista mpaka darasa la nne, akaolewa na Ditram, kijana wa reli aliyefanya kazi ya ishara stesheni ya Kilosa. Ditram ndiye aliyekuwa akishusha mkono wa ishara treni ipite na kuupandisha isimame, na alijivunia kazi hiyo kama mtu mwingine anavyojivunia ng'ombe.

Ngozi ilianza kumsumbua Sesilia baada ya kumzaa Verdiana, mtoto wake pekee aliyekua. Kwanza viwiko, halafu magoti, halafu kichwani pembeni ya nywele. Yalikuwa mabaka mekundu yaliyoinuka, na juu yake magamba meupe kama nta ya mshumaa iliyomwagikia kitambaa. Ukiyakwangua yanatoka damu. Yalikuja, yakapungua, yakarudi. Mwisho yakashika viganja, na hapo ndipo shida ilipoanza, maana kiwiko unaweza kukificha, lakini kiganja ndicho unachompa mwenzako.

Hakuna aliyemtukana. Watu wa Kilosa si wakatili. Kwenye misiba alipokaa na wanawake kumenya viazi, mmoja angemtoa kisu mkononi kwa upole na kusema, "Pumzika dada, umechoka," naye hajamenya hata kimoja. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, waliokaa karibu naye waliinamisha vichwa na kutabasamu, mikono wameikunja. Wengine walinong'ona kwamba ni ukoma. Sesilia alijifunza kuvaa mikono mirefu wakati wa joto, na kushika kanga kwa ndani ili vidole visionekane. Ni Ditram peke yake aliyemshika kama mtu mwingine yeyote. Kila jioni alimpaka mafuta ya nazi mgongoni, mahali ambapo mkono wake mwenyewe haufiki, huku akimsimulia treni zilizochelewa.

Mwaka wa tisini na tano Verdiana alipata mimba. Alikuwa ameolewa Mikumi na Optatus, kijana aliyefanya kazi kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Kwa desturi, mimba ya kwanza binti hurudi kwao. Mama yake ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, ndiye anayemwogesha mtoto, kumnyoosha viungo na kumpaka mafuta, mpaka arobaini iishe. Sesilia alikwisha kutafuta beseni la mtoto na kulificha chini ya kitanda, kwa sababu vitu vya mtoto havionyeshwi kabla.

Kisha akaja mama mkwe wa Verdiana. Mama Optatus alikuwa mwanamke wa Vidunda, wa milimani kabisa, aliyezoea kupanda mteremko na mzigo kichwani bila kuhema, na maneno pia hakujua kuyazungusha. Walisalimiana, wakaulizana habari za mashamba, akanywa chai. Halafu akaweka kikombe chini.

"Mkwe," alisema, "sikuja kukutukana. Nakuuliza kama mama kwa mama. Mikono hiyo ndiyo itakayomshika mtoto wetu?"

Sesilia aliiingiza mikono chini ya kanga. "Ndiyo niliyonayo, mkwe."

"Basi tuombe ipone. Isipopona, Verdiana atajifungulia kwangu Mikumi, nitamkanda mimi. Usinichukie."

"Sikuchukii."

Na kweli hakumchukia. Lakini alipomsindikiza mpaka stendi na kurudi, alilitoa lile beseni chini ya kitanda, akalitazama, akalirudisha.

Alifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, alianza novena, sala ya siku tisa, kwa Mtakatifu Ana, bibi yake Bwana Yesu, akimwomba kama bibi mwenzake. La pili, alikwenda kwa Magreti.

Magreti alikuwa na meza sokoni. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yaliyokuwa na rafu tupu na chumvi ya mgawo sasa yalijaa vitu mpaka vikamwagikia barazani: mitumba, redio, sabuni za manukato, na krimu za kila rangi kutoka nchi ambazo hata mwenye duka hakujua zilipo. Magreti alileta mzigo wake kutoka Dar es Salaam na alijua kuusifia.

"Hii shoga yangu," alisema, akimwekea Sesilia mkononi tyubu ndogo yenye maandishi ya kigeni, "mwenye giza inamng'arisha, mwenye madoa inamfuta. Wewe paka tu asubuhi na jioni, utakuja kunibusu."

"Ni dawa au ni kipodozi?"

"We mama una maswali! Unataka kupona au unataka kusoma?"

Sesilia akapaka. Kabla wiki haijaisha, wekundu ulianza kufifia. Magamba yaliacha kuota. Novena ilipofika mwisho, viganja vyake vilikuwa laini kama vya mwari. Alivipitisha shavuni mwake na kulia. Ditram alivigeuza huku na huku kama mtu anayekagua noti, akasema, "Mama Verdi, hii mikono ni ya nani?"

Siku ya jumuiya, walipokusanyika kwa ajili ya sala na Injili, Sesilia alisimama. Aliwaambia waumini kwamba alimwomba Mungu kwa maombezi ya Mtakatifu Ana, na Mungu amemponya. Akainua viganja. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee Mathayo, mwenyekiti wa jumuiya, alimpa mikono yote miwili mbele ya watu, na nyuma yake wakapanga mstari wa kumpa amani, wale wale wa kuinamisha vichwa. Habari zilifika Mikumi kabla ya jua kuchwa. Mama Optatus akatuma jibu: "Mungu mkubwa. Basi binti aje kwenu."

Jioni ile Sesilia alikaa kitandani na tyubu mkononi. Kule kwenye jumuiya hakuitaja. Hakukusudia kuificha, ila furaha ilimfunika na maneno yakatoka yalivyotoka. Sasa aliitazama, akaiona kama shahidi. Kama Mungu ameponya, hii ni ya nini tena? Mtu aliyeshuhudia mbele za watu kwamba amepona, halafu kesho asubuhi anapaka dawa, si anamwambia Mungu kwamba hamwamini? Alikwenda uani, akaitupa kwenye shimo la choo. Aliporudi alisali rozari kwa moyo mweupe kabisa. Hilo ndilo kosa alilofanya, na alilifanya kwa imani.

Ngozi ilirudi kwa hasira. Haikurudi pale ilipokuwa tu, ilienea kifua, mgongo na mapaja, nyekundu kama iliyounguzwa na mvuke. Alitetemeka kwa baridi mchana wa jua kali. Viganja vilipasuka, akashindwa kukamua nguo. Asubuhi shuka lilikuwa na pumba nyeupe kama mahali palipopepetwa mpunga. Aliacha kwenda jumuiya. Waliokuja kumwulizia aliwajibu akiwa nyuma ya mlango.

"Mungu ananiadhibu," alimwambia Ditram. "Nilimpa sifa nusu, tyubu nikaificha."

"Mungu hana kazi ya kuvizia watu na krimu zao," Ditram alijibu. "Vaa. Twende hospitali."

"Nikakae kwenye benchi la wakoma, watu wanione?"

"Nitakaa nawe. Wakisema una ukoma, waseme na mimi ninao. Mkono wangu umelala mgongoni mwako miaka yote hii."

Hospitali palikuwa na tabibu aliyeitwa Innocent, kijana mwembamba aliyetoka kusomea magonjwa ya ngozi huko Moshi. Aliendesha kliniki ya ngozi na ukoma kwenye chumba kimoja. Jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kuuliza jina, ni kuchukua viganja vya Sesilia katika viganja vyake vitupu. Kisha akachukua pamba, akamwambia afumbe macho, akawa anamgusa kwenye mabaka.

"Unahisi?"

"Nahisi."

"Na hapa?"

"Nahisi. Inatekenya."

"Ukoma unaua hisia, mama. Wewe huna ukoma. Huu unaitwa soriasisi. Haumpati mtu kwa kushikwa, wala kwa chakula, wala kwa kulala shuka moja."

Ditram alijipiga paja. "Nilijua!"

"Hukujua chochote, Baba Verdi," Sesilia alisema, na kwa mara ya kwanza tangu ngozi irudi mabega yake yakatikisika kidogo.

Tabibu akavuta kiti karibu. "Ngozi ya kila mtu inazaliwa upya. Chembe changa zinaota chini, zinapanda polepole, zikifika juu zimezeeka, zinapukutika bila mtu kuona. Safari hiyo ni kama mwezi mzima. Yako inakimbia, inamaliza safari kwa siku chache. Zinafika juu bado changa, zinarundikana. Ndiyo magamba haya."

"Nani anazikimbiza?" Ditram aliuliza.

"Habari za uongo, mzee. Mwilini tuna chembe nyeupe za damu, ndizo askari wetu. Adui akiingia, askari anamwona na kutoa kemikali kidogo sana. Hiyo kemikali ndiyo ujumbe. Inakwenda kwa chembe nyingine, ambayo huku nje ina mahali pa kuipokelea, kama sikio. Ikishapokelewa, habari inapita ndani mkono kwa mkono mpaka kwenye kiini. Amri inatoka huko: zaeni haraka, ongezeni damu, iteni wenzenu. Mtu akiwa na jeraha, amri hiyo ndiyo inayomwokoa. Lakini kwa mama hapa adui hayupo. Askari wametoa habari bure, ngozi ikapokea, nayo ikatoa habari zake, askari wakaja zaidi. Wanaitana wenyewe kwa wenyewe."

Ditram aliinua kidole. "Subiri kidogo, daktari. Kimamba wakiruhusu treni, wanapiga simu Kilosa. Mimi nashusha ishara, geti linafungwa, wa mbele wanajulishwa. Sasa unaniambia Kimamba wamepiga simu, na treni hakuna?"

"Hakuna."

"Na Kilosa tukajibu, nao wakadhani tunaomba treni nyingine?"

"Hapo hapo!"

"Lo! Stesheni nzima watu wanakimbia na bendera, na reli tupu! Huyo wa Kimamba mfukuzeni kazi."

"Kumfukuza hatuwezi, mzee," tabibu alisema akicheka. "Ndiye huyo huyo anayemlinda na homa ya mapafu. Tunachoweza ni kumtuliza."

Sesilia hakucheka. Alieleza habari za tyubu, polepole, akitazama sakafu, pamoja na jumuiya na shimo la choo. Tabibu alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema anaijua krimu ile, kwamba ndani yake mna dawa ya kweli tena kali, isiyofaa kuuzwa juu ya meza kama pipi. Inaingia mpaka kwenye kiini cha chembe na kuwanyamazisha watoa amri. Lakini ukiipaka mwili mzima bila kipimo, halafu ukaiacha ghafla, wale walionyamazishwa wanapiga kelele wote kwa pamoja kuliko mwanzo.

"Kwa hiyo si Mungu aliyenipiga?"

"Mimi ni Mlutheri, mama, mambo ya novena siyajui vizuri. Lakini kwa ngozi hii, aliyekupiga ni krimu."

Kisha Sesilia akauliza lile lililokuwa moyoni. "Na damu? Mjukuu atarithi?"

Tabibu hakumdanganya. Alisema mwelekeo wa ugonjwa unaweza kupita katika ukoo, ingawa wengi wanaourithi hawaugui kamwe, na wanaougua kwa kawaida huanza wakiwa wakubwa. "Lakini si kwa mikono yako, mama. Mikono yako haina hatia."

Alimwandikia krimu hafifu ya kupunguza taratibu ili asiiache dawa ghafla, mafuta ya kulainisha magamba, na mafuta ya lami ya kupaka usiku na kuosha asubuhi. Akamwambia apate jua la asubuhi, maana jua nalo huwatuliza wale askari, na aache kuogea sabuni ya kufulia. Lami ilinuka nyumba nzima. "Miaka yote Kilosa tunaiomba serikali lami," Ditram aliwaambia majirani, "kumbe itakuja kwa mgongo wa mke wangu!"

Ugonjwa haukumwacha maisha yake yote. Miaka ya baadaye alipewa vidonge vya kumeza mara moja tu kwa wiki, akipimwa damu kila mara kwa sababu ni vikali. Vilimpa vipindi virefu vya nafuu. Baadaye zaidi zilisikika habari za sindano mpya zinazomkamata mjumbe njiani kabla hajafikisha ujumbe. Sesilia alizisikia redioni, akasema, "Afadhali, watakaokuja wasijikwangue kama mimi." Yeye hakuzipata. Lakini hayo yalikuja baadaye. Mwaka ule, mimba ya Verdiana ikikaribia siku zake, mikono ilikuwa imepoa kidogo tu, bado ina mabaka na mipasuko.

Verdiana alikuja na tumbo lake, akisindikizwa na mama mkwe wake. Alipoingia jikoni na kuiona mikono ya mama yake, alifunga mlango.

"Shikamoo, Mama. Mungu wangu! Si walisema umepona?"

"Marahaba, mwanangu. Nilipona, ikarudi."

"Mama Optatus yupo sebuleni. Vaa mikono mirefu, Mama. Tufiche mpaka nijifungue, nikishajifungua hataweza kunihamisha."

Sesilia alimtazama binti yake, uso umemvimba kwa uzito na hofu. Ilikuwa njia rahisi kabisa. Alijua kuficha, alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi. Na jioni ile jumuiya ilikuwa zamu ya kwake, watu wangekuja wenyewe mpaka sebuleni.

Walikuja, wakajaa hadi mlangoni. "Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele, amina!" Injili ikasomwa. Mzee Mathayo alipouliza kama kuna mwenye neno, Sesilia akasimama. Alikuwa amevaa gauni la mikono mifupi ambalo halijaonekana kwa muda mrefu.

"Nilisimama mbele yenu nikasema nimepona," alisema. "Sijapona. Nilisali, ni kweli, lakini nilipaka na dawa ya sokoni, na hiyo dawa sikuitaja. Nikaitupa ili ushuhuda wangu usiharibike, na mwili ukaharibika. Namwomba Mungu msamaha, nanyi pia. Hospitali wamesema huu si ukoma na hauambukizi. Mikono yangu ni hii."

Mtu mmoja alikohoa. Mzee Mathayo alikuna kidevu, akisaka maneno ya kiongozi. "Mama Verdiana," alisema hatimaye, "sasa tulipiga vigelegele vya nani?"

"Vya Mungu, mzee," Ditram alijibu toka mlangoni. "Hakuna aliyemwomba avirudishe."

Watu wakacheka, na kicheko kikalegeza chumba. Lakini Mama Optatus hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na ukuta, akimtazama Sesilia moja kwa moja.

"Hauambukizi? Una hakika, mkwe?"

"Tabibu yupo. Kamwulize mwenyewe, mimi nisiwepo."

Kesho yake Mama Optatus alikwenda kweli, hata chai hakungoja. Alirudi karibu na adhuhuri, akakaa kizingitini, akanyoosha mguu wake na kuukodolea macho.

"Amesemaje?" Verdiana aliuliza.

"Amesema mama yako haambukizi. Halafu akanitazama huu mguu. Kumbe hili duara linaloniwasha tangu masika ni choa, na choa kinaambukiza! Kanipa dawa. Kanikataza mguu wangu usiguse nguo za mtoto." Akageuka kwa Sesilia. "Nimetoka Mikumi kuja kukukagua wewe, nimekaguliwa mimi."

Sesilia aliziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika.

"Cheka tu. Lakini sikiliza. Mtu anayeweza kujivua mbele ya watu kama ulivyofanya jana, siamini kwamba atanificha jambo la mjukuu. Mwogeshe. Ila nitakaa pale nione. Nisipoona mwenyewe silali."

Mtoto alizaliwa hospitali, wa kiume, mzito, mwenye sauti. Wakamwita Beda, jina la yule mkata mkonge. Mama Optatus alitimiza neno lake. Kila asubuhi Sesilia aliponawa lami ikatoka yote na kupaka mafuta yasiyo na harufu, kigoda cha Mama Optatus kilikuwa kimeshawekwa uani, na yeye juu yake, kimya, macho kwenye beseni. Sesilia alimkanda Verdiana kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka binti akaguna. Kisha akamlaza Beda kwenye mkono, akamwagia maji kidogo kidogo, akamnyoosha mikono na miguu. Mchana Ditram alimsikia akiongea peke yake jikoni kwa furaha, akajifanya hasikii.

Asubuhi moja, alipokuwa akimkausha mtoto, Sesilia aliona kitu kwenye kifundo cha mguu. Ngozi ilikuwa inabambuka. Akageuza mkono mdogo, nao pia, vipande vyembamba vyeupe vikitoka kwenye viganja. Mama Optatus alikuwa ameinamia mguu wake, mahali dawa ilipokuwa ikimkausha choa, hakuona. Sesilia alimfunga mtoto kwa kanga haraka, akampa mama yake.

Siku iliyofuata alisema mikono inamuuma. Iliyofuata pia. Mama Optatus akaogesha yeye, baada ya kujifunga mguu kitambaa. Verdiana aliuliza, hakupata jibu la maana. Sesilia alisali, lakini sala haikwenda mbali. Kichwani mwake maneno ya tabibu yalikuwa yamegawanyika: neno "hauambukizi" alilisikia kwa mbali, neno "unaweza kupita katika ukoo" alilisikia karibu sana. Na chini ya hayo yote lilikuwepo lile la zamani zaidi, la vichwa vilivyoinama kanisani, lililomwambia kwamba ni mikono, ni mikono yako tu.

Mama Optatus alimkuta nyuma ya jiko, kanga usoni.

"Mkwe. Mikono haikuumi."

Sesilia aliishikilia kanga usoni.

"Sema. Jumuiya nzima uliiambia, unashindwa kuniambia mimi peke yangu?"

"Mtoto anabambuka," Sesilia alisema. "Miguu na viganja. Nimeona. Nimempa mimi, kwa mikono au kwa damu, sijui. Mchukue, mwende Mikumi. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo."

Mama Optatus akaanza kucheka, kicheko kizito cha kutoka tumboni, mpaka akashika ukuta.

"Sesilia! Wewe uliyezaa! Kila mtoto hubambuka wiki yake ya kwanza! Amekaa kwenye maji miezi yote ile, katoka kwenye hewa, ngozi ya tumboni inamtoka. Optatus alibambuka kama kitunguu, nikawa naokota vipande. Verdiana wako hakubambuka?"

Sesilia aliondoa kanga usoni. Alifikiri. Ilikuwa zamani, alikuwa msichana, na mama yake mwenyewe ndiye aliyekuwa akiogesha. Kisha ikamrudia: viganja vya Verdiana, vidogo, na vipande kama karatasi ya sigara, na mama yake akivipuliza na kusema kwamba mtoto anavua nguo za safari.

"Alibambuka," alisema. "Alibambuka kweli. Nilisahau."

"Hukusahau. Uliogopa, ndiyo maana hukukumbuka." Mama Optatus alifuta machozi ya kicheko kwa kiganja. Alikwenda ndani, akarudi na Beda akiwa amezungushiwa kanga, analia kwa njaa na ghadhabu ya kuamshwa. Akamweka mikononi mwa Sesilia, juu ya mabaka na mipasuko, bila kutandika kitambaa katikati.

"Maji yapo kwenye beseni, yanapoa," alisema. "Mshike shingo vizuri, mkorofi huyu."

Sesilia alimfungua mtoto, akapima maji kwa kiwiko, akainama. Mama Optatus alikiinua kigoda chake pale uani, akaingia nacho jikoni kukoroga uji wa mzazi, na hakuchungulia nje mpaka uji ulipoiva.